Safu ya Katikati: Kulisoma Bango la Viingilio

Bango la viingilio si andishi ambalo wahakiki wetu wamezoea kulisoma. Halina jina la mwandishi, safu zake hazina kitenzi hata kimoja, na husomwa na mtu aliyesimama juani huku dereva akihimiza safari. Hata hivyo ni vigumu kutaja andishi la serikali linalosomwa kwa makini kuliko hilo, kwa kuwa kila msomaji anajitafuta yeye mwenyewe. Anapitisha jicho kwenye safu mpaka aione nafasi yake, ndipo anasoma tarakimu.

Nalichukua bango la aina inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kufika lango la Lodoare, Ngorongoro, au aliyesoma karatasi za tozo za hifadhi zetu za Taifa. Lina safu tatu. Ya kwanza ni ya wasio raia wa Afrika Mashariki. Ya pili ni ya wageni wakaazi, yaani raia wa kigeni wanaoishi nchini kwa kibali. Ya tatu ni ya raia wa Afrika Mashariki. Tozo zenyewe hubadilika, lakini viwango vilivyodumu Ngorongoro kwa miaka kadhaa vinafaa kusomwa kwa sababu ni rahisi kushika kichwani: mtu mzima wa safu ya kwanza dola 60, wa safu ya pili dola 30, wa safu ya tatu shilingi 10,000. Juu ya kila kiasi huja Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ambayo huduma za utalii zilianza kutozwa Julai 2016. Ndiyo maana stakabadhi husoma 70.80, 35.40 na 11,800.

Safu mbili kwa dola, moja kwa shilingi. Umbo la bango linaanza kusema hapo. Tarakimu zikikaa sambamba, 60, 30, 10,000, jicho lisilojua thamani ya sarafu huona kwamba raia ndiye anayekamuliwa kuliko wote. Zigeuze kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola na safu zinakuwa 60, 30 na 4. Tarakimu kubwa kuliko zote ndiyo yenye thamani ndogo kuliko zote. Siamini kwamba kuna aliyekaa mezani akakusudia kumficha mtu jambo. Lakini maandishi hufanya kazi hata pale mwandishi asipokusudia, na bango hili linazungumza na hadhira mbili kwa lugha mbili za hesabu, kila moja ikiishia kuielewa safu yake tu.

Thailand walifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Katika hifadhi ya Khao Yai mgeni amekuwa akilipa baht 400 na mwenyeji baht 40, na katika mabango mengi ya nchi hiyo bei ya mwenyeji huandikwa kwa tarakimu za Kithai, ilhali ya mgeni huandikwa kwa tarakimu hizi tunazotumia sisi. Asiyejua maandishi ya huko hawezi hata kukisia kwamba pana bei nyingine. Bango lao lina safu mbili tu, na ndiyo maana tatizo la mgeni aishiye nchini linajitokeza kwa sura tofauti. Mgeni aliyeandikishwa katika kitabu cha usajili wa nyumba anayoishi anaweza kupewa kitambulisho cha rangi ya waridi chenye namba ya tarakimu 13, idadi ileile iliyomo kwenye kitambulisho cha raia. Serikali imemtambua, imempa namba, imemwandika katika nyumba na mtaa, lakini bango halina mahali pa kuiweka kadi hiyo. Kukubaliwa kwake kunategemea aliyeketi dirishani siku hiyo. Taj Mahal, India, nako kuna safu tatu, ila ya katikati ni ya majirani: Mhindi rupia 50, raia wa nchi za jumuiya za ukanda ule rupia 540, wageni wengine rupia 1,100. Sisi majirani wa Afrika Mashariki tumewaweka pamoja na raia, na safu ya katikati tukawapa wanaoishi nasi. Huo ni uamuzi wa kujivunia. Ninaloshughulika nalo ni jinsi ulivyoandikwa.

Niseme wazi kwamba tofauti yenyewe ya bei naitetea. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Ilani ya Arusha, ambamo alieleza kwamba wanyamapori na makazi yao ni amana, na kwamba kuwatunza kutahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, mambo ambayo mataifa mengine yaliombwa kushiriki. Safu ya kwanza ya bango, pamoja na dola zake, ni mtoto halali wa ilani ile. Dunia ilisema inawataka tembo na nyumbu wawepo. Basi dunia ichangie. Nayo safu ya tatu ina historia yake, tena yenye maumivu. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na kufikia 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi na kuchunga humo walikuwa wamehamishiwa upande wa Ngorongoro. Ardhi iliyofungwa kwa ajili ya utalii ilitoka mikononi mwa watu. Kumtoza mjukuu wao bei ya mtalii ili aione ingekuwa dhuluma, na shilingi 10,000 ni namna ya kukiri, hata kama kukiri huko ni kudogo.

Safu ya kwanza ina ilani nyuma yake, ya tatu ina ardhi na uraia. Ya katikati ina nini? Ukiitazama muda mrefu utagundua kwamba haina kitu isipokuwa hesabu ya kugawanya. Sitini gawa kwa mbili. Hakuna hoja iliyoizaa tarakimu 30. Imezaliwa na tarakimu iliyo kushotoni mwake, na 60 ikipanda, nayo hupanda. Kwa hiyo umbo la bango linamfafanua mgeni mkaazi kuwa nusu mtalii. Angeweza kufafanuliwa kwa kutazama kulia, kwamba huyu ni jirani wa raia ambaye bado hajafikia haki zote. Bango linatazama kushoto na kusema kwamba huyu ni mtalii aliyepunguziwa.

Sarafu inaukaza ufafanuzi huo. Mchukue mwalimu kutoka Zambia anayefundisha sekondari mkoani Mbeya. Mshahara wake ni wa shilingi. Kodi ya mapato inakatwa kwa shilingi kabla hajaugusa. Umeme ananunua kwa shilingi, na sukari dukani anailipia pamoja na kodi ileile anayolipa jirani yake. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, na dola 30 zilikuwa shilingi 69,000. Katikati ya 2024 dola ilikaribia 2,700, na dola 30 zilezile zikawa shilingi 81,000. Hakuna kanuni iliyobadilishwa wala tangazo lililobandikwa. Tarakimu kwenye bango ilikaa palepale, na bei yake ikapanda kwa shilingi 12,000, wakati mwalimu mwenzake aliye raia aliendelea kusoma 10,000. Shilingi inapoyumba, walimu hao wawili huumia pamoja sokoni. Langoni mmoja anahesabiwa kama aliyeshuka jana kwenye ndege akiwa na dola mfukoni.

Kinyume chake, Fort Jesus, Mombasa, kwa miaka mingi bei za wananchi, za wakaazi na za wageni zote zimeandikwa kwa shilingi za Kenya. Wapo wanaolipa kidogo na wapo wanaolipa mara kadhaa zaidi, ila wote wanasoma hesabu moja na kila mmoja anaona mwenzake amelipa nini. Bango la namna hiyo halimwondolei mtu hata senti, lakini linawaweka wasomaji wake wote katika nchi moja. Mpangilio huo naona ni wa kiungwana zaidi.

Tuteremke sasa kutoka safu hadi mistari. Watu wazima, kisha watoto wa miaka 5 hadi 15, kisha walio chini ya miaka 5. Mstari wa mwisho una jambo ambalo halipo penginepo kwenye bango lote: safu zote tatu zinasema bure. Mtoto wa miaka 4 wa kutoka Oslo, wa kutoka Masaki na wa kutoka Karatu hawatofautiani. Ni mstari mmoja tu, na pengine aliyeuandika alifikiria zaidi usumbufu wa kuwahesabu watoto wadogo kuliko usawa. Lakini unathibitisha kwamba bango linaweza kuandika mstari unaowahusu watu wote bila kuanguka. Mtoto akitimiza miaka 5, uraia unamfikia.

Safu za kando hujieleza zenyewe. Ya katikati inahitaji tanbihi, kwa maandishi madogo chini ya tarakimu: mgeni mkaazi aoneshe kibali halali. Mtalii wa safu ya kwanza haombwi kuthibitisha kwamba ni mgeni, na hakuna anayedanganya ili alipe zaidi. Raia anatakiwa kuonesha kitambulisho, ila kwa kawaida anayefanana na walio wengi na kusalimia kwa Kiswahili cha nyumbani haulizwi sana. Anayeulizwa ni Mtanzania mwenye asili ya Kihindi ambaye babu yake alizaliwa Tanga, na Mtanzania mweupe aliyekulia Iringa. Bango lenyewe halitaji rangi ya mtu. Lakini kwa kuwa halielekezi karani aanze wapi, karani huanzia usoni, na uso hujibu swali ambalo bango halikuuliza. Hilo ni pengo la uandishi. Sentensi moja ya kumtaka kila mtu, pasipo kubagua, aoneshe kitambulisho ingelifunga.

Na hicho kibali chenyewe nacho kinasomeka. Kibali cha ukaazi hutolewa kwa madaraja: A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa waajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti, watu wa kujitolea na wamisionari. Kitu kinachokipanga kibali chote ni tarehe ya kwisha. Hata kabla ya tarehe hiyo hakina nguvu bila sababu ya kuwapo, na sababu hiyo ikikoma kibali hukoma nayo: mwajiri akifunga kazi, mwenye Daraja B anabaki na karatasi isiyo na mhimili. Upande wa raia mambo yamepangwa kinyume kabisa. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Andishi la raia linaanza na kuzaliwa kwake. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuondoa ukomo wa matumizi ya vitambulisho vya Taifa, baada ya malalamiko kwamba kadi zinakwisha muda wake huku namba ikibaki ileile. Ulikuwa uamuzi mzuri, na umeifanya tofauti ya maumbo ionekane wazi zaidi: karatasi moja inaanza na mwanzo wa mtu na haina mwisho, nyingine imejengwa juu ya mwisho.

Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, kwa mujibu wa majukumu yake, husajili na kutoa vitambulisho kwa watu wa aina tatu: raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Kisheria, basi, mgeni mkaazi si mtu wa nje ya daftari. Amepigwa picha, amechukuliwa alama za vidole, ameandikwa. Daftari hilo la aina tatu na bango la safu tatu yametungwa na serikali moja, lakini hayasomani. Aina ya tatu ya daftari, mkimbizi, haina safu langoni. Mkimbizi kutoka Kongo au Burundi angeweza kujibana katika safu ya raia wa Afrika Mashariki, endapo ana cheti cha kuthibitisha uraia wa nchi aliyoikimbia. Aliyekimbia usiku bila karatasi haonekani popote kwenye bango.

Kuna karatasi nyingine ambayo mgeni mkaazi huipata mapema, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote: barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji huiandika kwa mkono au kwa mashine, hupiga muhuri, na maudhui yake ni yaleyale nchi nzima: kwamba mtajwa hapo juu ni mkaazi wa mtaa wetu, tunamfahamu, tunaomba apewe msaada anaouhitaji. Kifasihi barua hii iko mbali sana na bango. Ina nafsi inayosema, sisi wa mtaa huu. Ina anayesemwa, ina anayeambiwa, ina ombi. Ina vitenzi. Katika karatasi zote anazobeba mgeni, hii peke yake inadai kwamba kuna mtu anayemjua. Ili ipatikane, mjumbe wa nyumba kumi lazima awe amemwona, na mwenye nyumba awe amethibitisha. Inafungua akaunti ya benki, inamwezesha mtu kupeleka mtoto shule. Langoni haina kazi. Sisemi ikubaliwe pale badala ya kibali, kwa kuwa barua hughushiwa na karani hawezi kumpigia simu kila mwenyekiti wa mtaa. Ninachosema ni kwamba tunayo tayari, kwa Kiswahili chetu na kwa desturi yetu, namna ya kumwandika mgeni kwa kutazama mahali anapoishi, na bango halikujifunza chochote kutoka kwa namna hiyo.

Familia ndiyo inayolivunja bango kabisa. Mwanamke wa Kitanzania ameolewa na Mmalawi, wanaishi Songea na watoto wao wawili. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo, na hupita mlango wa kawaida wenye masharti marefu ya ukaazi. Mume huyu basi anaweza kukaa miaka na miaka katika safu ya katikati, akihuisha kibali. Wanapofika lango la hifadhi, mama na watoto wanasoma kulia kwa shilingi, baba anasoma katikati kwa dola, na karani anatoa stakabadhi za sarafu mbili kwa gari moja lililojaa watu wa nyumba moja. Hapo bango limeeleza kwa usahihi kabisa jambo ambalo sheria imelifanya. Lawama haiwezi kuwa ya bango peke yake. Lakini ni langoni, mbele ya watoto wanaojua kusoma, ndipo sheria ile inapogeuka tarakimu.

Upo pia mfano unaokwenda kinyume. Mtu aliyezaliwa Marangu, akakua akiutazama Kibo kila asubuhi, akaenda Marekani na kuchukua uraia wa huko. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo amepoteza wa kwake. Akirudi likizo na kutaka kupanda mlima ulio nyuma ya nyumba ya mama yake, anasoma safu ya kwanza. Siyo hata ya katikati, maana haishi hapa. Mara nyingi nimesikia watu wakisema amechagua mwenyewe. Inawezekana. Lakini tazama umbo linavyomweka: mgeni kutoka Lusaka mwenye kibali cha miaka miwili yuko karibu na raia kuliko yeye. Bango linapima karatasi ya leo na kuacha mengine yote, liwe jambo la kumfaa mtu au la kumwumiza.

Mpaka wa safu ya tatu nao umekuwa ukisogea. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha kujiunga mwaka 2024. Mtu wa Kinshasa, upande wa Atlantiki, leo anasoma shilingi 10,000. Mmakonde wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, mwenye lugha moja na Mmakonde wa Newala na pengine shangazi huko, anasoma dola. Wamakonde wanaijua vizuri habari hii ya kukosa safu. Waliokwenda Kenya kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani walikaa vizazi bila uraia wowote, mpaka walipotembea kwenda Nairobi Oktoba 2016 kudai vitambulisho, na mapema 2017 wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Kabla ya hapo hapakuwa na bango katika pwani yote lenye nafasi yao.

Kenya sasa inaandika safu zaidi. Katika viwango vya hifadhi vilivyotangazwa 2025, Waafrika wa nje ya Afrika Mashariki wametengewa safu yao, kati ya wakaazi na wageni wengine. Mmalawi na Mzambia wanaosafiri kama watalii wanapata pa kusimama, na naona ni jambo jema lililochelewa. Kwetu ningeanza na lililo dogo zaidi, lisilohitaji mkataba wa nchi yoyote: safu ya katikati iandikwe kwa shilingi, na kiasi chake kihesabiwe kutoka upande wa kulia, mara mbili au mara tatu ya anacholipa raia, kwa yeyote mwenye kitambulisho cha mgeni mkaazi ambacho Mamlaka ya Vitambulisho imekwisha kumpa. Kwa viwango vile nilivyoanza navyo, mara tatu ni shilingi 30,000 kabla ya kodi. Mwalimu wa Mbeya ataisoma tarakimu hiyo, ataona 10,000 iliyo pembeni yake, na ataweza kuzilinganisha bila kumwuliza mtu dola imefika ngapi leo.